Vyeti vya kozi za mtandaoni: waajiri wavikatae?

Wakuu, kuna hoja inayosema waajiri wa Dar wavitupe vyeti vyote vya mtandaoni, kwa kuwa mtu anaweza kubonyeza video mpaka mwisho akaondoka na cheti. Wapinzani wa hoja wanajibu kwamba elimu ni elimu, popote ulipoipatia.

Msimamo wangu: cheti cha kutazama tu kikataliwe, kozi inayomtoa mtu jasho iheshimiwe. Kwa hiyo unapochagua, jina la chuo liache kwanza, fungua mazoezi. Nani anasahihisha? Ukimaliza utakuwa na nini cha kuonyesha? CS50, kozi ya Harvard ya kuanza kuandika programu za kompyuta, kwa mfano, kusoma ni bure na cheti cha edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ni cha kulipia, lakini hata kile cha bure cha CS50 yenyewe hukipati bila kumaliza mazoezi na kuwasilisha programu uliyoiunda mwenyewe.

Nimewahi kukaa kwenye usaili wa ofisi moja pale Posta. Kijana wa kwanza alikuwa na rundo la vyeti vya Excel. Akapewa kompyuta yenye orodha ya mauzo, ajumlishe kwa kila tawi. Akakwama. Aliyemfuata hakuwa na cheti, ila alifungua faili la duka la mjomba wake Kariakoo: mzigo ulioingia, uliotoka, wateja wanaodaiwa, na rangi nyekundu inayojitokeza bidhaa ikikaribia kuisha. Alikuwa amesoma kozi ya bure, kila somo akalifanyia kazi dukani. Huyo ndiye tuliyemchukua.

Ila tusidanganyane. Kozi ya uhasibu mtandaoni haikupi CPA, ile sifa ya mhasibu wa kitaaluma; NBAA, bodi ya wahasibu, wana mitihani yao. Anayetaka shahada huku yuko kazini, Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992. Na ukivutiwa na shahada ya chuo cha nje, waulize TCU, tume ya vyuo vikuu, kama inatambulika kabla hujatoa senti.

Suala la bando nalo ni zito, video zinakula sana. freeCodeCamp (kozi za bure za kuandika programu) na OpenLearn (kozi za bure za Open University ya Uingereza) masomo yao mengi ni ya maandishi, anzieni huko.

Sasa wenye kampuni mliomo humu: kinachowazuia kuweka nusu saa ya kazi ya vitendo kwenye kila usaili ni nini hasa?