Farasi wa miaka 16 wa kuruka, nimwangalie nini kabla ya kutoa hela?

Baba_Entebbe:
Wazee salaam. Binti yangu anapanda farasi hapa Entebbe, sasa anaruka vizuizi vya sentimita 80 hivi, mwalimu wake anasema apate farasi wake. Kuna dume amehasiwa, miaka 16, katoka Kenya, huko alikua anaruka mpaka mita 1.20. Nimemwona akiruka, safi tu, ila mguu mmoja wa mbele una uvimbe mgumu nyuma chini ya goti, mwenyewe anasema ni wa zamani. Mi najua ng'ombe, farasi sijui. Nicheki nini, na umri huo si nanunua mzigo?

Kwato_Jinja:
Mzee, 16 kwa sentimita 80 si mbaya. Farasi Big Star alimpa Muingereza Nick Skelton dhahabu ya kuruka kwenye Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na miaka 13, tena ametoka kwenye majeraha. Farasi aliyeruka miaka yote hiyo lazima ana kasoro fulani, we uliza kama hiyo kasoro itavumilia kazi ya binti yako.

Usikubali kumkuta ameshatandikwa na jasho linamtoka. Atolewe bandani mbele yako akiwa baridi, maana yabisi ya viungo inajificha mwili ukishapata moto. Mtu amkimbize mchakamchaka kwenye ardhi ngumu, kamba imelegea, we tazama kichwa: mguu wa mbele unaouma ukikanyaga kichwa kinapanda, mzima ukikanyaga kinashuka. Wa nyuma tazama nyonga, kama upande mmoja unapanda na kushuka kuliko mwingine. Halafu azunguke duara kulia na kushoto, kwenye ngumu na kwenye mchanga, ngumu inaumbua kwato na viungo, mchanga unaumbua kano. Na hili linapita wengi, kwato zote mbili za mbele zikiuma hatikisi kichwa kabisa, anaenda hatua fupi fupi tu na muuzaji anakwambia eti ndo mwendo wake 😅

Dokta_wa_Mbarara:
Ssebo huo uvimbe mahali hapo mi nahesabu ni kano mpaka nionyeshwe vingine. Ushike amesimama, halafu mguu umekunjwa, linganisha na mwenzake. Ukiwa baridi, mgumu, na hashtuki ukibonyeza, inawezekana kweli ni wa zamani. Ukiwa na moto au anavuta mguu, rudi nyumbani. Ila hata kano iliyopona inabaki na kovu, hainyumbuki kama mwanzo, na farasi akitua baada ya kuruka uzito unaangukia miguu ya mbele. Hapo altrasaundi ndo inasema, eksirei ni ya mifupa.

Kuna kipimo cha kukunja pia, daktari anashikilia kiungo kimekunjwa kama dakika moja halafu anakimbizwa papo hapo. Farasi mzee akichechemea hatua mbili tatu usiogope, ogopa mguu mmoja ukiwa mbaya wazi kuliko mwenzake. Na damu itolewe siku hiyohiyo, kuna dawa ya maumivu inaitwa fenilbutazoni, wenyewe wanasema byuti, kilema anatembea kama kijana. Damu hiyohiyo wapime na nagana, yaani malale ya wanyama, mbung'o wetu hawachagui, farasi anakonda anayumba nyuma unaanza kulaumu mgongo. Daktari mlipe wewe, asiwe wa muuzaji.

Nyabo_wa_Mukono:
Muulize pia kachomwa sindano ngapi kwenye viungo na ya mwisho lini, maana sindano ikiwa mpya hata kipimo cha kukunja kinapita. Miaka 16 nani kasema? Ufunue mdomo, jino la pembeni la juu lina mfereji unaoanza kuonekana kama miaka 10, kwa 15 umefika nusu, kwa 20 umefika chini. Ni makadirio lakini muongo utamjua. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika pia ulizia karatasi, visubi vya jioni ndo vinaueneza na ukimpata kuna uwezekano mkubwa afe.

Baba_Entebbe:
Asanteni sana. Nimempigia sasa hivi. Altrasaundi kakubali, damu anasema haina haja, farasi ni mzima.

Dokta_wa_Mbarara:
Basi mwambie gharama ya damu ni juu yako. Akikataa tena, usichome mafuta ya gari kwenda huko.