Wauza saa, acheni kutuuzia vidude vya mazoezi kwa jina la "saa ya kibosi"

Wakuu, heshima kwenu. Leo sizunguki.

Hivi nani aliwadanganya wauzaji kwamba kidude cha kuhesabu hatua, ukikibadilishia rangi ya mkanda, tayari ni saa ya kuvalia koti? Duka sitalitaja, ila matangazo ya aina hiyo mmeyaona wengi: jamaa katoka na tai, begi la laptop begani, chini maandishi makubwa "saa ya safari za kikazi". Nikatoa laki na themanini yangu. Mimi nauza mawese kwa jumla, kwa hiyo nashinda njiani: Kigoma mjini, Kasulu, Manyovu, mara nimepanda treni naenda Tabora. Kama kuna mtu wa safari za kikazi ni mimi.

Tuanze na muda, maana ndiyo kazi ya saa. Hiki kidude hakina muda wake, kinafuata wa simu. Na simu ukifika Manyovu inadaka mnara wa Burundi, ambako wako saa moja nyuma yetu. Unatazama mkono, tatu kasoro kumi, unaagiza na chapati ya pili. Kumbe kwa mteja ni nne kasoro kumi na ameshanuna. Mzigo wa madumu umechukuliwa na mwingine hivyo hivyo, nikiwa naona kabisa kwamba nimewahi. Na asije mtu hapa kuniambia "zima muda wa kujibadilisha kwenye simu". Nimeshazima. Swali langu ni kwamba hii ni saa gani ya safari inayopotezwa na mpaka?

Halafu kioo. Muda wote kiko giza, mpaka uinue mkono, na wakati mwingine uutikise. Saa ya kawaida unaiibia jicho tu na mtu hajui. Hii unanyanyua mkono kama refa anayetoa kadi, mbele ya mtu unayembembeleza akupe mali kwa mkopo. Anaona unamharakisha. Ila usipotaka iwake, ndipo inawaka! Huku kwetu wazee wa Buha wakikusalimia wanapiga makofi na wewe unaitikia kwa makofi, na salamu si ya haraka. Kila kofi, kioo pwaa! Mzee mmoja aliacha salamu katikati akawa anautazama mkono wangu.

Meseji ndiyo aibu kuu. Nimekaa na mwenye mashine ya kukamua, tumefika kwenye bei, mkono ukatetemeka, na kwenye kioo, kwa herufi nzuri kabisa, likaja deni langu la mkopo wa simu na tarehe ya mwisho. Amesoma kabla yangu. Najua, meseji nazo zinazimwa. Sasa nikizima meseji, nikazima kuwaka, nikazima mtetemo, kilichobaki mkononi ni nini? Bangili?

Mtetemo wenyewe, hata bila meseji, kila ukikaa kidogo unakwambia usimame utembee, ufikishe hatua 10,000. Hiyo namba isiwatishe sana: ilivuma Japani mwaka 1965 kwa ajili ya kuuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa Manpo-kei. Biashara ile ile tangu enzi hizo. Na ukipanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo unashuka umeongezewa hatua ambazo hukutembea.

Usiku kwenye behewa la kulala, nyuma ya saa kunamulika kijani. Ni taa ya kupima mapigo ya moyo, damu inanyonya mwanga wa kijani vizuri, sawa, nimeelewa. Lakini abiria wa kitanda cha juu aliniuliza kama namrekodi.

Chaja ikikatika umekwisha. Soko lote la Mwanga lina chaja za kila simu, yenye pini za hiki kidude haipo. Mkanda wa mpira unatoa jasho hadi mkono unawasha. Nikampelekea fundi saa aniwekee wa ngozi, akakigeuza, akacheka, akanirudishia. Hakina mahali pa kupitisha pini ya kawaida. Nimevaa shati limenyooshwa, mkononi kitu cha uwanjani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba inawezekana. Mwaka 2014 Withings ya Ufaransa ilitoa Activité: saa ya mishale, mkanda wa ngozi, inahesabu hatua kimya kimya ndani kwa ndani, betri ya kidonge ya kukaa miezi minane. Hakuna kioo cha kumulikia wazee. Kwa hiyo msituambie teknolojia haijafika. Mnajua tofauti, mnatuuzia tu.

Kwa kupima mapigo na usingizi sina ugomvi nacho, kinajitahidi. Basi kiuzeni kwa kazi hiyo, na kwenye tangazo muweke mtu wa raba na bukta, si wa tai.

Mwenye kujua duka la Kigoma au Tabora lenye saa ya mishale inayohesabu hatua aniandikie hapa, na bei aweke. Hiki changu nakiuza, boksi lipo. Anayekimbia asubuhi kuelekea Ujiji kitamfaa, aje inbox tuelewane. Chaja atajitafutia mwenyewe.