Casino, salsa ya New York au guaguancó: nilipie lipi?

Pwani77: Salaam wakuu. Kuna madarasa matatu ya dansi, ada zinalingana, na uwezo wangu ni kulipia moja tu: casino ya Kuba (salsa ya huko, ya kucheza wawili wawili), salsa ya New York (ile ya pigo la 2), au guaguancó, yaani rumba ya ngoma. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Nichukue lipi?

MamaKlave: Mkuu, hapo umeuliza nusu. Unataka kucheza wapi, na nani? Magoti yako mazima? Sakafu ni mbao au vigae? Na hiyo guaguancó inafundishwa kwa ngoma zinazopigwa palepale au kwa spika?

FundiTumba: Guaguancó, bila mjadala. Ndiyo yenye damu ya yuka na makuta, ngoma za watu wa Kongo waliopelekwa utumwani Kuba. Mwanamume anamzunguka mwanamke, ghafla anatupa vacunao, ishara ya kumshambulia kimapenzi kwa utani: kwa kiuno, mkono, mguu au hata leso. Mwanamke anajikinga kwa sketi au kiganja. Mwezi wa kwanza achana na vacunao kabisa. Kunja magoti, nyayo zote zikanyage chini, kifua mbele kidogo, hatua ya pembeni na kurudi, mpaka mguu uende wenyewe.

Pwani77: Sina mwenza. Sakafu ni vigae. Januari naenda Havana kikazi, miezi mitatu.

NairobiPigo2: Sasa hilo la Havana si ungeanza nalo! Mimi bado natetea New York kwa sababu inakufundisha kusikiliza. Kwenye tumbao, mdundo wa msingi wa konga, mpigaji anapiga kofi kali pigo la 2, kisha sauti mbili za wazi, 4 na 4 na nusu. Mguu wako unabadili mwelekeo 2 na 6 (ukihesabu hadi 8, 6 ni pigo la 2 la nne za pili), juu ya kofi lenyewe. Na kwa vigae, usivae raba: inanata, mwili unazunguka mguu ukibaki, goti linajipinda. Vaa soli ya ngozi.

LushoisRumba: Ndugu zangu, mnasema rumba kana kwamba ni ya Kuba peke yao. Rumba ni yetu, UNESCO waliiandikisha 2021, Kinshasa na Brazzaville pamoja.

FundiTumba: Ndugu Lushois, ya Kuba iliandikishwa 2016, na ni vitu viwili. Hii ya Kuba ni sauti, ngoma na vijiti, haina gitaa. Ya kwenu ilikua kutokana na son, muziki wa dansi wa Kuba: santuri za Kuba za mfululizo wa GV, zilizotolewa kuanzia 1933, zilifika Léopoldville (Kinshasa ya leo), na gitaa likachukua kazi ya piano. Damu ni moja, ila mguu wa moja haukufundishi nyingine.

LushoisRumba: Damu moja, hapo tumeelewana. Lakini son yenyewe imetoka wapi kama si kwetu?

MamaKlave: Turudi kwa Pwani. Nimeuliza habari ya ngoma kwa sababu kuna darasa moja, silitaji, lililofundisha guaguancó kwa spika tu, juu ya klave (mdundo wa vijiti unaoongoza muziki) ya son. Hesabu hadi 8: klave ya son, upande wa mapigo matatu ukitangulia, inagonga 1, 2 na nusu, 4, 6, 7. Ya rumba inachelewesha pigo la tatu: 4 na nusu badala ya 4. Nusu hiyo ni ndogo kwa karatasi, ila mwili ulioizoea 4 unatua kabla ya ngoma kila mzunguko. Ubaya zaidi, vacunao ilipangwa kwenye pigo la 8. Wanawake wakajikinga kwa sketi kabla hata hawajashambuliwa, mchezo ukafa. Walipoletewa wapigaji halisi, quinto, ngoma ya sauti ya juu, ikaanza kuzungumza, hakuna aliyejua kuijibu. Wanaume walikodolea macho sketi, masikio yamelala. Quinto ndiyo ya kufuatwa; zile ngoma nyingine mbili, tumba na tres dos, zinashikilia njia tu.

NairobiPigo2: Basi casino, kama ni Havana. Ilizaliwa kwenye kumbi za klabu huko huko, miaka ya 1950, na haihitaji mwenza wako mwenyewe: kwenye rueda, duara la wachezaji, mnabadilishana wenza. Ila inakwenda kwa duara. Kosa la wageni ni hatua ndefu kwenye guapea, hatua ya msingi. Ukirudi nyuma kupita nusu ya kiatu, unachelewa kuingia enchufla, ile zamu ya kubadilishana nafasi, unaishia kumvuta dada wa watu bega.

FundiTumba: Matanzas, mji wa rumba, hauko mbali na Havana. Akifika huko na casino tu, atabaki kupiga makofi pembeni.

MamaKlave: Na akifika na vacunao ya spika?

Pwani77: Mwalimu wa guaguancó nimemuuliza, anasema wanaanza na yambú. Hiyo ni nini?

FundiTumba: Dalili nzuri. Yambú ni rumba ya polepole, haina vacunao, magoti yanapumua. Ukimsikia anaanza na columbia, aina nyingine ya rumba, kimbia: hiyo ni ya mwendo wa 6/8, ya mchezaji mmoja mmoja.

LushoisRumba: Columbia nayo ina uzi wake hapa?

MamaKlave: Fungueni uzi mwingine. Pwani, bado hujajibu kuhusu magoti, wala kama kuna wapigaji.