Tulipaka mistari sakafuni na kubandika mabango, bado vifuniko vimejaa hadi mlangoni. Nianzie wapi upya?

Msimamizi_ZamuB (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha vyombo vya plastiki, na nina jambo linaninyima usingizi.

Miezi minane iliyopita menejimenti ilituletea mfumo wa kuzalisha bila upotevu, ule ulioanzia Toyota. Tulikaa darasani siku mbili, kisha tukaingia kazini: tukapanga stoo, tukafagia, tukapaka mistari ya njano sakafuni, tukabandika mabango. Kwa wiki kama sita kiwanda kilipendeza kweli. Leo mistari ile huioni, makreti yamekaa juu yake.

Hali ndiyo hii. Mashine yetu ya vifuniko inahudumia saizi nne. Kubadilisha moldi (kalibu ya chuma inayokipa kifuniko umbo) kunakula karibu saa tatu, kwa hiyo mpangaji akishaingiza saizi moja hataki kuitoa mpaka iende siku tatu au nne mfululizo. Mzigo unarundikana kati ya mashine na laini ya kufungashia. Wiki iliyopita niliuhesabu: vifuniko 60,000. Ufungashaji unatumia kama 12,000 kwa siku. Na pamoja na wingi wote huo, kuna siku laini inasimama kwa kukosa saizi inayotakiwa.

Lililonileta hapa ni la Jumanne. Dada mmoja wa kufungashia aliniletea kifuniko ambacho plastiki ilivuja pale moldi inapokutana, ukingo umebaki na wembe mwembamba. Ukipitisha kidole kinakwaruzika. Nikaangalia kadi ya kreti: kilitengenezwa siku tano nyuma! Watu sita tulishinda tukipekua makreti. Nilipomuuliza opareta kama hakuona, alinyamaza, halafu akasema, "Niliona bosi, ila mara ya mwisho niliposimamisha mashine nilipewa barua."

Kuna na bango kubwa: TUONDOE MUDA. Mkufunzi alichukua neno la Kijapani, ambalo kwao maana yake ni upotevu, akaliandika lilivyo. Wenzangu wamelisoma kwa Kiswahili. Wanaamini wanapunguziwa muda wa kazi na kukimbizwa, na tangu hapo nikishika saa ya kupimia tu, nyuso zinabadilika.

Meneja anataka hadi mwisho wa robo akiba ya vifuniko ipungue nusu na watu wanne wapungue. Naombeni ushauri wa mtu aliyepita njia hii.

Kata_Mzigo

Mkuu, mbona jibu unalo? Punguza akiba leo. Maji yakipungua mtoni, mawe yanaonekana. Akiba ndiyo inayoficha madudu yote. Zuia mashine isitengeneze zaidi ya mahitaji ya siku mbili, matatizo yatajitokeza yenyewe.

Mpangaji_Ratiba

Kata_Mzigo, mawe yataonekana ni kweli, lakini mtumbwi utakuwa umeshapasuka. Akiba yake ipo kwa sababu, na sababu ni zile saa tatu. Ukiikata huku saa tatu ziko palepale, laini ya kufungashia itasimama kila wiki na lawama zitamwangukia yeye.

Hata Toyota wenyewe waliuonja upande mchungu wa akiba ndogo. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin kule Kariya, Japani, kiliungua. Kilikuwa kinatengeneza karibu vali zote za breki za aina moja ambazo Toyota walitegemea, na akiba iliyokuwepo ilikuwa kidogo sana. Viwanda vya Toyota nchini humo vilisimama kwa siku kadhaa. Kilichowaokoa ni makampuni mengine mengi kuanza kutengeneza vali hizo kwa pamoja, kila mmoja na mashine alizokuwa nazo. Mfumo hawakuuacha, ila ona walikuwa na nini nyuma yake: wauzaji waliozoea kufanya kazi pamoja miaka mingi. Mleta uzi hana hicho bado. Ana opareta anayeogopa barua.

Halafu mkuu, hesabu yako umeshaitoa mwenyewe bila kuiona. Gawa 60,000 kwa 12,000 unapata siku tano. Na kile kifuniko kilitengenezwa siku ngapi nyuma? Rundo lako ni foleni. Kosa la leo linapanga mstari nyuma ya mzigo wote, linamfikia mwenye jicho siku ya tano. Mpelekee meneja hesabu hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Fundi_Moldi

Nimefunga na kufungua moldi miaka 17, acha niseme la upande wangu.

Anzia kwenye zile saa tatu. Mashine hiyo moja tu, kiwanda kizima kiache. Siku ya kubadilisha moldi, simama pembeni na karatasi. Ohno, mmoja wa waanzilishi wa mfumo huu kule Toyota, alikuwa na tabia ya kumchorea mtu duara la chaki sakafuni na kumwambia asimame humo atazame mpaka aone. Fanya hivyo. Usiseme neno, usimsaidie mtu. Andika kila kinachotokea na kimechukua dakika ngapi.

Nakuambia utakachokiona, maana nilikiona kwangu. Mashine imezimwa, na fundi ndiyo kwanza anaenda stoo kuchukua spana. Stoo hamna, iko kwa mwenzake. Winchi inabeba mzigo mwingine. Moldi mpya imeletwa ikiwa ya baridi, kwa hiyo ikishafungwa mnakaa kusubiri ipate joto. Mipira ya maji ya kupoozea haina alama, fundi anajaribu huu, anajaribu ule. Bolti mbili ni fupi. Mwisho ndipo vifuniko vya majaribio, na mkaguzi wa ubora ameenda kula.

Sasa chukua kalamu mbili. Kwa nyekundu weka alama kazi ambazo lazima mashine iwe imesimama: kutoa moldi, kufunga moldi. Kwa bluu weka zile ambazo zingeweza kufanyika mashine ikiwa bado inapiga kazi: kutafuta spana, kuleta moldi, kuipasha joto, kuandaa mipira, kumwita mkaguzi. Utashangaa bluu ilivyo nyingi. Mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo, aliligundua hilo mwaka 1950 kwenye kiwanda cha Mazda, Hiroshima, akimtazama fundi akihangaika kutafuta bolti moja iliyopotea huku presi (mashine ya kukandamiza chuma) imesimama. Miaka 19 baadaye, mwaka 1969, akiwa Toyota walikuwa na presi ya tani 1,000 iliyokuwa ikichukua saa nne kubadilishwa. Waliishusha hadi saa moja na nusu, kisha hadi dakika tatu. Sisemi ufike huko. Hamisha tu kazi za bluu zifanyike kabla ya kuzima, bila kununua kitu.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukiokoa saa moja, usiitumie kuongeza vifuniko. Itumie kubadilisha moldi mara nyingi zaidi. Ukifika saa moja badala ya tatu, unabadilisha mara tatu kwa kupoteza saa zilezile, na kila saizi unaitengeneza kidogo kidogo. Rundo litashuka bila kuamrishwa.

Opareta_Usiku

Mimi ni opareta, kwa hiyo nitamsemea yule kijana aliyenyamaza.

Bosi, aliyekujibu vile alikuamini. Angeweza kusema hakuona. Sasa wewe usimwangushe. Kwetu walituwekea kitufe chekundu na taa, wakasema ukiona kasoro bonyeza. Siku ya kwanza nilibonyeza, akaja msimamizi na swali moja: "Itasimama mpaka saa ngapi?" Sikubonyeza tena mwaka mzima. Wengine nao walinitazama mimi wakajifunza.

Toyota mnayoitaja, opareta akivuta kamba ya kuita msaada, kiongozi wa timu anakuja pale alipo. Wakimaliza tatizo kabla gari halijafika alama ya mwisho ya kituo, laini inaendelea bila kusimama. Maana yake kuna mtu ambaye kazi yake ni kuja. Kwenu nani anakuja? Kama hakuna, kitufe ni pambo.

Na hilo la kupunguza watu wanne nakuomba ulipinge kabla hujashika saa. Hakuna mtu atakayekuonyesha dakika alizozipoteza kama dakika hizo ndizo zitakazomfukuza kazi. Mimi nisingekuonyesha.

Msimamizi_ZamuB

Nimesoma yote mara mbili. Opareta_Usiku, hayo maneno yameniingia. Swali: vipi nikimwambia meneja asiguse watu, naye akasema bila kupunguza watu hakuna faida?

Mpangaji_Ratiba

Mwonyeshe fedha ilipolala. Malighafi iliyogeuzwa vifuniko visivyouzika leo, nafasi ya sakafu, ile siku ya watu sita kupekua makreti, ovataimu ya kufidia saizi iliyokosekana. Hizo ni gharama anazolipa tayari. Watu watakaobaki bila kazi kwa sababu ya maboresho wape kazi ya kuandaa moldi inayofuata, maana hiyo ndiyo kazi ambayo sasa hivi haina mwenyewe. Omba akuahidi kwa maandishi kwamba hakuna atakayeondolewa kwa sababu ya zoezi hili, hata ikiwa ni kwa mashine hiyo moja tu.

Fundi_Moldi

Naunga mkono. Na ondoa lile bango, ndugu yangu. Leo.

Msimamizi_ZamuB

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu kutoa mrejesho.

Bango nilishusha siku ileile, nikawaeleza watu zamu zote mbili neno lile lilimaanisha nini na nikaomba radhi kwa kuliacha muda wote huo. Meneja alikataa kuandika, ila alisimama mbele ya zamu akatamka kwa mdomo wake kwamba hakuna atakayeondolewa kwa ajili ya mashine ya vifuniko. Hao wanne bado ni hoja kwake kwa upande mwingine wa kiwanda, na sijamaliza naye.

Nilisimama kwenye duara. Saa 2 na dakika 50. Kati ya hizo, dakika 41 mashine ilisubiri moldi ipate joto, na dakika 22 ziliishia kwenye kutafuta spana moja na bolti. Hakuna aliyekuwa mvivu, walitembea mpaka wakaloa jasho. Sasa kuna toroli lenye spana, bolti na mipira iliyotiwa rangi, na moldi inapashwa joto kabla. Mara ya pili tulitumia saa 1 na dakika 35. Mpangaji wetu amekubali kubadilisha saizi kila siku ya pili kuanzia wiki hii, na rundo nimelihesabu jana: 43,000.

Yule kijana amesimamisha mashine usiku wa kuamkia juzi, saa 8. Nilikwenda mwenyewe, nikamuuliza ameona nini. Tulifungua moldi tukakuta chembe ya plastiki ngumu imegandia pale pande mbili zinapokutana, ndogo kuliko punje ya mchele. Tuliing'oa kwa kijiti cha shaba ili tusikwaruze uso wa moldi. Dakika tisa, mashine ikarudi. Vifuniko vilivyotupwa ni 14.

Ameniuliza chembe ile inatoka wapi, kwa sababu anadhani si mara ya kwanza. Fundi_Moldi, uko? Tunaanzia wapi kuitafuta?