Uhusiano wa kimataifa mwaka wa pili, nibobee Maziwa Makuu au Ghuba?

dogo_wa_tabata
Wakuu habari za mihangaiko, naombeni ushauri maana ijumaa ndo mwisho wa kusajili kozi. Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa pili, tunatakiwa kuchagua kanda moja ya kubobea mpaka tunamaliza na kozi za hiari nilizobakiwa nazo ni sita tu. Nimekwama kati ya Maziwa Makuu na Ghuba. Maziwa Makuu naipenda, mshua ni mtu wa Kigoma na toka mdogo nimewaona wakimbizi wa Burundi na Kongo, ila jamaa zangu wanasema huko kila mtu kajazana ajira hamna, niende Ghuba ndo kwenye hela, si unaona DP World, kampuni ya Dubai, pale bandarini. Kiarabu najua cha madrasa, kifaransa ni bonjour tu basi.

shemeji_wa_uvira
Dogo anza na lugha, kanda itafuata. Mi nilisoma Maziwa Makuu na kozi nikazipanga kijinga, nikajaza migogoro, usalama, migogoro tena, kifaransa nikasema ntajifunza mbele ya safari. Kufika fildi, shirika la wakimbizi, ripoti zote kutoka upande wa Kongo ni kifaransa, basi miezi miwili nikawa mtu wa kutoa fotokopi na kuagiza chai. Kiswahili Uvira, Bukavu, Goma utaongea mpaka uchoke, ila karatasi za serikali ni kifaransa. Katika hizo sita, mbili ziwe lugha na uanze SEMESTA HII, usingoje ya mwisho.

binti_malindi
Hao jamaa zako wanakupoteza kaka. Mkataba wa DP World wa 2023 ni insha moja, hautoshi digrii nzima. Ghuba uisome kama una swali nayo. Sie wa Unguja ni habari za nyumbani hizo, Zanzibar na Oman zimetenganishwa 1861 na mpaka leo Muscat unakuta wazee wanakimwaga Kiswahili kitamu kuliko chako cha Tabata, usikasirike lakini 😂. Na Kiarabu cha madrasa usikidharau, herufi unazo tayari, wenzio darasani wataanzia alif. Ila ujue zile nchi sio kitu kimoja, Baraza lao la Ushirikiano lipo toka 1981 na bado 2017 Saudia, Emirati na Bahrain walimfungia Qatar mipaka mpaka 2021 ndo wakapatana.

mtata_mtata
Soma Uchina, huko kote kumejaa

karani_mstaafu
Mie nakupeleka Maziwa Makuu kwa sababu moja tu, disetesheni, ile tasnifu ya kumalizia digrii. Arusha unafika kwa basi. Pale ndo ulisainiwa mkataba wa Rwanda 1993, wa Burundi 2000, mahakama ya mauaji ya kimbari ilikaa pale hadi 2015, na makao makuu ya EAC, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki, yapo. Ghuba utaandika kwa kugugo. Na maswali yapo tele, mfano huu: kikosi cha EAC kimeingia Kongo 2022, mwisho wa 2023 kikaondoka wakaja SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Tanzania ni mwanachama wa zote mbili, kwanini askari wake hawakwenda na EAC wakaja kwenda na SADC? Hapo umepata mada na supavaiza atakupenda.

Ila nikuonye, usichukue kozi sita zote zenye jina la kanda. Kanda yenyewe inahama, Kongo kaingia EAC 2022, Somalia 2024, ukikariri ramani imekula kwako. Weka takwimu moja na biashara ya kimataifa. Najua mnaikimbia takwimu kwa kuogopa sapu, kurudia mtihani, ndo maana anayeijua hakosi kazi.

dogo_wa_tabata
Dah hiyo ya EAC na SADC imenishika, sikuwahi kuiwaza. Maziwa Makuu basi. Binti_malindi nisamehe, Unguja ntakuja kutembea. Sasa tatizo ratiba, kifaransa na takwimu zote jumanne saa mbili asubuhi, nianze ipi?

shemeji_wa_uvira
Takwimu inarudi mwakani?

dogo_wa_tabata
Inarudi.

shemeji_wa_uvira
Sasa unauliza nini tena, kasajili kifaransa kabla mfumo haujagoma.