Alaimenti ya Beetle: nimelipia kemba ambayo haikuguswa, na tairi mpya zimeliwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimetoka chini ya gari sasa hivi, mikono bado ina grisi.

Gari ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969, aliniachia marehemu baba. Mwezi wa tatu nilifunga tairi mbili mpya mbele, saizi 165R15, ambazo kuzipata hapa Dar nilihangaika wiki nzima. Nikalipeleka gereji moja yenye mashine ya kompyuta. Wakanitoza 40,000 ya alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, na 60,000 ya kurekebisha kemba, yaani gurudumu linavyolala ndani au nje kwa juu. Nililipa yote, risiti ninayo.

Juzi naenda Morogoro. Kabla ya Chalinze usukani ukawa hauna msimamo, kila lori likinipita gari linataka kuhama njia. Nikapaki, nikapitisha kiganja kwenye tairi. Kutoka ndani kwenda nje, laini. Nikirudisha kiganja ndani, kinakwaruzwa kama nimeshika tupa. Ukingo wa ndani umelika vibaya, na tairi hazijafikisha hata kilomita 3,000!

Leo nimepiga jeki nikaangalia mwenyewe. Beetle za kuanzia modeli ya 1966 zina bol jointi mbele (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka), na kemba yake inarekebishwa kwa bushi, kipete cha chuma kinachoshika bol jointi ya juu. Tundu la bushi hiyo haliko katikati. Unalegeza nati, unaizungusha bushi kwa spana, gurudumu linalala ndani au nje kwa juu. Hakuna uchawi hapo. Sasa kwenye bushi zangu nimekuta vumbi jekundu limegandia grisi kavu, halina hata mkwaruzo wa kucha. Kulia hivyo hivyo, kushoto hivyo hivyo. Nati hazijaguswa na spana miaka na miaka. Mlinitoza 60,000 kwa kazi gani?

Halafu nilikuwepo siku ile. Kijana alitafuta Beetle kwenye orodha ya mashine, hakuiona, akachagua Golf. Nikamuuliza, akanijibu, "Zote Volkswagen, kaka." Hapana! Golf inavutwa na magurudumu ya mbele. Beetle inasukumwa na ya nyuma, na ikitembea magurudumu ya mbele yanasukumwa yafunguke nje. Ndiyo maana kiwanda kinataka yabane ndani kidogo gari likiwa limesimama, nusu digrii hivi kwa jumla ya yote mawili. Nimepima kwa uzi na rula: yangu yamefunguka nje milimita 4.

Lakini kilichoniuma zaidi ni steringi boksi, lile boksi la gia linalopokea mzunguko wa usukani. Beetle ina tairodi mbili, vyuma vinavyotoka kwenye boksi kwenda kugeuza magurudumu, zisizolingana, fupi upande wa boksi, ndefu upande wa pili. Boksi lenyewe limetengenezwa libane katikati, pale gari linaponyooka, na kulegea kidogo ukikata kona. Kwa hiyo unaanza kuliweka boksi katikati, ndipo unagusa tairodi zote mbili mpaka magurudumu yafuate. Yule kijana alizungusha ile ndefu peke yake kwa sababu inafikika kirahisi. Usukani ukakaa upande. Akafanya nini? Akauchomoa, akaugeuza, akaurudisha ukae sawa kwa macho! Sasa gari likinyooka boksi liko nje ya katikati, sehemu iliyolegea, ndiyo maana linayumba. Na nikikata kulia linageuka vizuri, nikikata kushoto linagoma mapema.

Nilipowapigia simu kulalamika, wakasema boksi limekufa, nilete 350,000 wanitafutie jingine. Boksi halijafa. Baba aliliendesha gari hili mpaka Songea na kurudi.

Upepo ndio usiseme. Wamejaza psi 32 tairi zote nne, kama vile injini iko mbele. Uzito wa Beetle uko nyuma, kwa tairi za radial unaweka kama 18 mbele na 27 nyuma. Na hakuna aliyetikisa gurudumu hata moja kuona kama bol jointi au beringi zimelegea kabla ya kuwasha mashine. Ukipima gari lenye beringi iliyolegea unapima nini?

Fundi wa baba alikuwa na uzi wa nailoni, mawe mawili na kipande cha chaki, na tairi zilikuwa zinaisha sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Kemba kwanza, maana ukiigusa inahamisha na ule ubano wa mbele, tairodi mwisho. Nilikuwa namshikia uzi nikiwa darasa la nne.

Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwao na tairi zote mbili na risiti. Nataka 60,000 yangu ya kemba na bei ya tairi. Mwenye kumjua fundi wa Beetle anayelijua boksi hili, awe Dar au hata Moro, tafadhali anielekeze. Safari hii nitakaa naye chini ya gari mpaka amalize.