Tupeane uzoefu: Kamera za ulinzi zenye picha kali, kwa wa Mwanza na kando ya ziwa

Vipuri Nyakato
Wakuu, poleni na majukumu. Juzi jirani yangu hapa Nyakato kavunjiwa stoo. Kamera anazo, na fundi alimuuzia kwa jina la 8MP, yaani megapikseli nane, nukta (pikseli) milioni nane za picha. Tumekaa mbele ya televisheni tukatazama: kofia inaingia, kofia inatoka na betri za magari. Sura hakuna. Mpelelezi karudisha nyuma, katazama tena, akauliza, "Sasa mimi nimkamate nani hapa?" Nataka kufunga dukani na nyumbani Buhongwa, na hela ya kuchezea sina. Waliofunga tupeane uzoefu: megapikseli ngapi, mashine ya kurekodi iwe DVR au NVR, na kamera ikae wapi?

Mwana Pasiansi
Nimekaa mbele kabisa. Na mimi nalihitaji hili.

Fundi wa Waya
Mkuu, bila kufika hapo nakwambia kamera ya jirani yako iko juu kwenye kenchi, lenzi ya mm 2.8, inatazama uwanja mzima. Watu wanauziwa megapikseli, hawaulizi pikseli ngapi zinaangukia kwenye uso wa mtu. Kipimo cha kazi hii kinataka pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili mtu usiyemfahamu atambulike. Ukiwa na 125 unamtambua yule unayemjua. Piga hesabu: kamera ya 4MP ina pikseli 2560 kwa upana, kwa hiyo inamudu upana wa kama mita 10. Lenzi ya mm 2.8 inafungua macho sana, huo upana wa mita 10 inaumaliza mtu akiwa mita 4 tu kutoka kwenye kamera. Hata hiyo 8MP, yenye pikseli 3840, inakufikisha mita 6 hivi. Mwizi akiwa mita 15 unaona nguo.

Kwa hiyo moja ya kutazama eneo iwe juu, na nyingine ya kushika sura uiweke pale ambapo lazima mtu apite, mlangoni au kwenye geti, kimo cha mita 2 na kidogo, lenzi ya mm 4 au 6. Ikikaa juu sana kofia inamficha.

Bwana Megapikseli
Fundi unawatisha watu. Mimi Capri Point nimefunga 8MP zote na nasoma namba za magari hadi barabarani. Mtu akiwa na uwezo achukue 8MP, basi.

Fundi wa Waya
Mchana, sawa. Tuwekee picha ya saa nane usiku, gari likiwa limewasha taa. 8MP kwenye kihisi kidogo (kile kipande kinachopokea mwanga) kila pikseli inapata mwanga kiduchu, picha inajaa chenga. 4MP yenye kihisi kikubwa inaishinda usiku, na wezi wa huku wanatembea usiku.

Bwana Megapikseli
Nitaiweka.

Mama Wakala Igoma
Nimesoma habari ya sura kutoonekana, moyo ukanienda mbio. Ngoja na mimi niseme langu.

Nina duka la vinywaji na wakala wa pesa hapa Igoma. Ilifika kipindi hesabu ya jioni haikai. Leo inapungua elfu ishirini, keshokutwa hamsini. Ananisaidia binti mmoja katoka Sengerema, yatima, kalelewa na bibi yake. Ukoo mzima ukamgeukia. Mama mkwe akapiga simu kutoka Magu: mfukuze huyo. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, hadi akataka binti apelekwe kwa mganga. Nikakataa. Mtoto wa watu simrudishi kwao na jina la mwizi wakati sijaona kwa macho yangu.

Nikamwambia fundi sina shida ya kuona duka zima, nataka kuona droo. Akafunga 4MP ya mm 6 juu ya kaunta, picha yote ikawa droo na mikono. Noti ya elfu kumi ukiishika, tembo wake unamwona. Binti nilimwambia siku ileile kwamba kuna kamera. Akanijibu, "Mama, hata ninapolala ifunge."

Jumapili binti kaenda kanisani, mimi niko msibani Kisesa, duka limefungwa. Saa nne asubuhi mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kwa ufunguo, jamani. Ngoja nihudumie wateja, narudi.

Mwana Pasiansi
Mama, usituache njia panda!

Dada wa Makoroboi
Mume huyo.

Mkazi Mkolani
Shemeji. Anayepaza sauti sana ndiye.

Kisiwani Ukerewe
Wakati tunamsubiri mama. Sisi wa mwaloni tuna adui mwingine, wadudu wa ziwani. Wakitoka wanakuja kama wingu la moshi, na wanafuata taa. Nilifunga zile kamera zinazowasha taa nyeupe usiku ili zitoe picha ya rangi, pale stoo ya injini za mitumbwi. Wakajaa kwenye kioo, buibui nao wakahamia, wakatanda utando mbele ya lenzi. Usiku, ule mwanga wa kamera unaugonga utando, picha yote inakuwa nyeupe, na simu inalia kila dakika kwamba kuna mtu. Mwisho wa siku unaizima milio ili ulale. Ndipo walipokuja kubeba injini.

Sasa taa nimeihamisha, iko kwenye nguzo peke yake mbali na kamera, na kijana anafuta lenzi kwa kitambaa kila wiki. Kamera inafanya kazi vizuri.

Mzee wa Kayenze
Mbwa wawili na sungusungu. Hayo mengine mnatajirisha maduka.

Kisiwani Ukerewe
Mzee wangu, shikamoo. Mbwa walipewa dagaa wenye sumu.

Mzee wa Kayenze
Marahaba. Pole sana mwanangu.

Msomi Nyegezi
Naomba tusisahau sheria. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Biashara ikirekodi watu inatakiwa iwaambie. Bandika tangazo mlangoni, usielekeze kamera dirishani kwa jirani, na usirushe picha za mtu kwenye magrupu ya WhatsApp eti mwizi.

Mkazi Mkolani
Duka langu, umeme nalipa mimi, halafu nimuombe mwizi ruhusa?

Msomi Nyegezi
Hakuna aliyesema umuombe. Nimesema uwaambie wateja na wafanyakazi. Mama wa Igoma kamwambia binti yake, na hakuna kilichoharibika.

Mkazi Mkolani
Wewe hujaibiwa, ndiyo maana unaongea hivyo.

Msomi Nyegezi
Nimeibiwa, na kesi ikaenda mahakamani, ndiyo maana naongea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie rekodi ilivyotunzwa na kama inaaminika. Ule mtindo wa kuirekodi televisheni kwa simu unampa wakili wa upande wa pili pa kushika. Toa faili lenyewe kwenye mashine, weka kwenye flashi, na andika nani kalitoa na lini.

Dada wa Makoroboi
Hapo umenena. Hili la faili wengi hatulijui.

Mama Wakala Igoma
Nimerudi. Ni shemeji.

Nitawaambia alivyofanya maana bado linaniuma. Kakaa kwenye kiti changu. Kavuta droo, kahesabu noti zote taratibu, kachukua chache tu ili pengo lisionekane. Zile alizochukua kazikunja kwa urefu, kavua kiatu, kaziweka ndani ya soksi. Zilizobaki kazipanga vichwa vikiangalia upande mmoja, vilevile binti anavyozipanga. Kisha kafungua soda, kanywa, chupa karudisha kwenye kreti.

Nilimwonyesha baba watoto peke yake, usiku, watoto wamelala. Katazama mpaka mwisho, hakusema neno. Asubuhi kampigia mama yake. Kikao kilikaa Magu, shemeji kakana mpaka alipoonyeshwa soksi. Karudisha ufunguo na sehemu ya hela. Mama mkwe kaja mwenyewe Igoma kumwomba binti msamaha, na kamletea kuku.

Mwana Pasiansi
Machozi yamenitoka. Wabeja sana mama kwa kumsimamia yule mtoto.

Bwana Megapikseli
Mama pole, lakini mambo ya ukoo yangeisha ndani, si kuyamwaga huku.

Dada wa Makoroboi
Binti alipokuwa anaitwa mwizi mbele ya ukoo mzima, hayo hayakuwa mambo ya ndani? Na ile picha ya usiku iko wapi?

Mama Wakala Igoma
Sijataja jina la mtu. Na ufunguo wa mlango wa nyuma sasa anaushika binti.

Jiwe la Bugarika
Mimi naleta la radi. Huku kwetu milimani waya unapita juu ya mawe kutoka nyumba hadi nyumba. Mvua za mwezi wa kumi na moja, radi ikapiga mti wa jirani, na kamera zote zilizokuwa kwenye ule waya zikafa pamoja na NVR. Fundi kasema nifunge ethi, waya wa kushusha umeme ardhini. Sasa mlima ni jiwe tupu, ethi inashika wapi?

Fundi wa Waya
Kwenye jiwe hupigilii fimbo ukatulia. Tafuta sehemu yenye udongo, laza waya wa shaba mrefu ndani ya mtaro, halafu pima. Ila kati ya nyumba na nyumba tumia faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, haipitishi umeme, kwa hiyo radi ya kule haina njia ya waya kuja huku. Ndani ya nyumba moja, waya wa mtandao wa shaba tupu unabeba umeme na picha pamoja hadi mita 100. Na mashine ikae kwenye UPS, ile betri ya kushikilia umeme, maana umeme ukirudi kwa kishindo ndipo diski zinapokufa.

Vipuri Nyakato
Asanteni sana. Diski ya ukubwa gani kwa kamera nne?

Fundi wa Waya
4MP kwa kasi ya Mbps 4 inakula kama GB 43 kwa siku. Nne ni kama 170, kwa hiyo TB 1 inajaa kabla ya wiki kuisha. Chukua TB 4, zile diski za kamera, siyo ya kutoa kwenye kompyuta kuukuu. Kwenye mfumo wa kubana video weka H.265, inakula karibu nusu ya ule wa zamani, H.264. Kwenye simu tazama picha ya ubora wa chini, maana picha kamili kwa saa moja inamaliza karibu GB 2 za bando.

Mkazi Mkolani
Na mashine mnaificha wapi? Kwa mjomba waliingia wakabeba na DVR, ikawa hata pa kuanzia hakuna.

Fundi wa Waya
Chumba cha ndani, kwenye boksi la chuma lenye matundu ya hewa. Isikae kaunta. Na paswedi ya kiwandani ibadilishe siku hiyohiyo, wewe mwenyewe, fundi asibaki nayo. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kutumia paswedi hizohizo za kiwandani.

Vipuri Nyakato
Kesho naingia mjini. Waya wa shaba tupu nitaujuaje? Wote wanasema wao ni shaba.

Fundi wa Waya
Nenda na wembe. Kwangua uzi mmoja, ukiona weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Mrudishie, nenda duka la pili.